Kordi ya Tano

"Moja," alisema mama, akajipiga kofi gotini. "Tano. Sita. Nne. Huo ndio mwendo wa nusu ya nyimbo za redioni. Tuko pamoja, fundi?"

Fundi wa friji aliitikia kwa kichwa, jasho likimtiririka. Friji hazikumpiga chenga, lakini gitaa alilipiga kwa kubahatisha, na leo alikuwa mbele ya mwanamke aliyeongoza bendi ya harusi miaka ishirini. Katika nyumba ile kordi, zile sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja, hazikuitwa kwa majina. Ile ya nyumbani, wimbo unapoanzia na kupumzikia, ilikuwa moja. Nyingine zilihesabiwa kupanda juu yake kama ngazi.

"Nitaimba wimbo wangu, hujawahi kuusikia. Ukinifuata mpaka mwisho, binti yangu umempata. Ukikosea, posa yako irudi ilikotoka."

Wachumba wawili walikwisha kushindwa. Wa pili, majirani walisema, aliondoka akimfokea binti mpaka getini.

Lakini fundi hakuja mikono mitupu. Binti mwenyewe, aliyempenda kufa na kupona, alikuwa ameketi nyuma ya mama yake akikunja nguo. "Wewe tazama vidole vyangu tu," alikuwa amemnong'oneza mlangoni.

Mama akaanza kuimba. Kidole kimoja kikachomoza juu ya shuka. Kikafuata kiganja kizima, kisha kiganja na gumba la mkono wa pili, kisha vidole vinne. Fundi akafuata, na gitaa likaitikia hata akajishangaa mwenyewe. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mama alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Fundi akaanza kujiona kwenye picha ya harusi, suti imemkaa.

Mstari wa mwisho, sauti ya mama iliteremka taratibu. Sikio la fundi likamwambia nne. Kiganja cha binti kikasema tano. Akamwamini binti, akapiga tano, na chumba kizima kikasikika kama sufuria zimeanguka.

"Tano?" Mama alifumbua macho. "Nani kakwambia tano hapo?"

Nyuma yake binti alikuwa ameinamia foronya, hamtazami mtu. Neno moja tu lingemtoa fundi lawamani.

"Hakuna, mama. Nimekosea mwenyewe."

"Hakuna aliyekuonyesha?"

"Ni masikio yangu tu. Unisamehe."

Akaanza kurudisha gitaa kwenye mfuko wake, machozi yakimlengalenga, zipu nayo imegoma.

Mama akageukia nyuma.

"Mwanangu, acha hizo nguo, mletee mkwe wangu maji ya kunywa. Na ile tano niliyokuagiza, leo umeiinua wakati wake hasa. Wale wenzake wawili walikutaja hata sijamaliza kuuliza."