Zamu ya Tabu

Chemchemi ya kule kwenye vilima vya mawe ya chokaa mtu aliruhusiwa kuiogelea mara moja tu maishani, na mashine ya langoni, iliyomhesabu kila aliyeguswa na maji yake, haikudanganyika. Zamu ya Sikudhani iliisha akiwa mchanga, kwa sababu mila ya kwao ni kumchovya mtoto akitimiza siku arobaini. Hakumbuki chochote.

Leo alimleta bibi yake, aliyezaliwa ugenini asichovywe, akaitunza zamu yake miaka sabini. Mgongoni alimbeba bintiye Tabu, na arobaini yake ilikuwa leo.

Bibi alizama, akaibuka akicheka kama msichana. "Mlete huyo mtoto, we! Maji matamu haya!"

"Hapana, Bibi. Atakuja mwenyewe, akiwa na akili ya kukumbuka."

"Mbishi kama marehemu babu yako!"

Lakini hakulazimisha. Alipotoka majini alimwinamia Tabu ambusu, na tone moja likachuruzika kutoka kwenye mvi zake, likatua utosini mwa mtoto. Sikudhani akalifuta upesi kwa kanga.

Walipopita langoni, taa nyekundu ya mashine iliwaka mara mbili.

"Wawili leo," alisema mlinzi. "Hongereni."

Bibi aliketi palepale chini, mikono kichwani. Sikudhani akakaa kando yake, akampakata Tabu, akamgeuza uso wake umwelekee bibi.

"Basi tusimulie sote wawili, Bibi," alisema. "Polepole, usiruke kitu. Yalikuwaje?"