Hotipoti ya Bibi Kimya

Mama alifunua hotipoti, akainusa, akaifunika. Akaifunua tena. Wali, kuku, harufu ya kitunguu saumu. Hakuona kibaya chochote, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Hotipoti ilikuwa ya Bibi Kimya, rafiki mpya wa binti yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu maneno yake ni ya kuhesabika. Kila Jumapili marafiki wanne walikula pamoja nyumbani kwa mama: binti, Kinyozi, Kepteni mwenye gari, na huyo mgeni wa miezi mitatu. Bibi Kimya huja na hotipoti yake, huwajazia wenzake sahani, kisha yeye hukaa na kikombe cha maji akiwatazama wanavyotafuna.

Jumapili iliyopita Kinyozi alikula sahani mbili za chakula hicho. Jioni alitapika mpaka akabebwa kupelekwa hospitali. Alipopata nafuu alisema kosa ni lake, mchana ule alikuwa amekula mayai yaliyolala. Mama hakuyasadiki hayo mayai.

Na asubuhi hii walikuwa wanaondoka. Saa nane za barabara, kuvuka mlima, kwenda kumwona mwenzao aliyejifungua. Watakula njiani, mbali na macho yake. Na huyu binti ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Alimvuta jikoni, akampa kifurushi cha chapati alizopika mwenyewe.

"Ule hizi. Cha yule usikiguse. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mama, ni wali tu."

"Hata waliolishwa sumu walisema ni wali tu."

Kepteni, aliyekuwa anapita na mabegi, alisikia. Akasema mama akienda kuomba kazi forodhani ataandikwa siku hiyohiyo, na mbwa wao watastaafishwa. Kisha akauliza lake: fundi alikuja? Maana gari alikuwa ameliacha uani tangu Jumatano, akaapa kwamba halipandi mlima kabla fundi hajalishika.

Mama alimjibu huku macho yake yakiwa kwenye hotipoti. Fundi alikuja Alhamisi, yeye akiwa anachambua maharagwe. Alipiga hodi, akasema yeye ni fundi, ameagizwa kwenye gari. Akapewa ufunguo. Baada ya saa nzima akaurudisha, akasema tayari, safari njema.

Kepteni akashukuru. Alipofungua mlango wa gari akapiga mluzi: viti vyote vilikuwa vimevalishwa vitambaa vipya, vya bluu. Bibi Kimya akainamisha uso, akasema ni zawadi yake ya safari.

Mama akazidi kuingiwa na ubaridi. Nani huwapa zawadi watu aliowajua juzi, kama hana lake jambo?

Saa tatu alipiga simu. Hawajala. Saa tano akapiga tena. Walikuwa wamesimama pembeni mwa barabara, wametandika kanga kwenye majani ili wasimwage mchuzi kwenye viti. Binti alisema anakula chapati. Lakini nyuma yake mama alisikia sauti ile ndogo, tulivu, ikisema, "Mwongezee huyo. Hajashiba."

Saa sita simu haikupokelewa. Wala saa sita na nusu. Mama aliosha sufuria moja mara mbili, akaikausha, akaiosha tena. Akafungua droo, akatoa karatasi yenye namba za hospitali. Akamwomba Mungu amuonee huruma, maana alikuwa amemwona mwivi akiingia na hakupiga kelele.

Saa saba kasoro, simu iliita.

Binti alikuwa anacheka. Alisema huko walikopita hakuna mtandao. Akaomba msamaha, kwamba wali wa Bibi Kimya ameula, wote wameula, na wote wazima. Na kama ni kuhusu yule kutokula, leo wamembana mpaka akasema: ana vidonda vya tumbo, chakula cha viungo hakiwezi, lakini kupikia watu anapenda. Kwao walikuwa kumi na mmoja, sasa yuko peke yake. Hata vile viti, alimtuma fundi cherehani wake Alhamisi, wenyewe wakiwa kazini, ili awashtukize.

Mama alikaa kitako kwenye kigoda. Akamwona yule msichana na kikombe chake cha maji, Jumapili baada ya Jumapili, na yeye mtu mzima akimnusia chakula mbele ya watu. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Mwambie mwanangu akirudi nitampikia uji," alisema. "Wa kwake peke yake, usio na hata chumvi."

Binti akamfikishia. Mama akamsikia Bibi Kimya akicheka, mara ya kwanza tangu amjue. Kepteni naye akadakia kwamba mama asihofu tena, kilele wamekimaliza, sasa ni kuteremka tu mpaka kwa mzazi. Halafu mtandao ukakata.

Mama alikuwa bado anatabasamu pale hodi ilipopigwa.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye ovaroli iliyolowa grisi, sanduku la vyuma mkononi. Aliomba radhi mara mbili: Alhamisi hakuweza kuja, mkewe alilazwa ghafla, na leo kila akimpigia mwenye gari hapatikani.

"Breki mpya nimezileta," alisema, akichungulia uani. "Lile gari mmelihamishia wapi, mama?"