Wiki ya Kuazimana

Ofisini kwao wafanyakazi waliazimana tabia wawili wawili kwa wiki, kila tabia ikibebwa ndani ya kipuli, ili kila mmoja ajifunze kumheshimu mwenzake. Safari hii Tunu, mpole asiyesikika hata akipiga chafya, alivaa kipuli chenye uchangamfu wa Chausiku wa mapokezi. Nyumbani alimtania mumewe mpaka akapaliwa na chai.

"Mke wangu, baki hivihivi bwana!" mumewe alisema akicheka.

Maneno hayo yalimchoma. Ijumaa alimfuata Chausiku, mkono sikioni, tayari kukivua kipuli.

"Shoga," Chausiku alinong'ona kwa upole wa Tunu, "mama mkwe amenipenda ghafla. Tuongeze wiki?"

"Tuongeze, kwani nani anatukimbiza!"

Jibu lilimtoka Tunu kabla hajafikiri. Akabaki akijiuliza kama ni yeye aliyejibu, au ni Chausiku.