Aliyeumwa Kwao

“Jirani, bado tu unaumwa kwenu?” Bi Sikudhani aliwahi kumuuliza Tupokigwe wakianika nguo.

“Naumwa, shoga, na sitaki kupona!”

Kuumwa kwao ndilo jina la hamu ya nyumbani katika mji ule, na sheria iliikataza. Zahanati iligawa matone ya kuiondoa. Mhamiaji akiyakataa, jamaa zake wote walinyimwa ukaazi.

Kila mvua ilipopiga bati, Tupokigwe, mjane, aliacha kazi akaikumbuka migomba ya kwao Tukuyu. Siku hiyo mvua ilinyesha, naye akaanua nguo tu. Alipozikunja ndipo alipojishtukia kuwa hakuumwa kwao. Akamwita mwanawe, aliyempikia chai kila asubuhi.

“Ambokile, unanitilia nini kwenye chai?”

Ambokile aliinama. “Matone, mama. Wangetutoa sote, na wanangu wanasoma hapa.”

“Ungeniambia niondoke! Mimi mzigo?”

“Yanaondoa uchungu tu, mama. Kumbukumbu zinabaki.”

“Nyamaza! Nikifumba macho kusali nilikuwa naliona kaburi la baba yako, moyo unajaa. Leo nimeliona kama kaburi la mtu baki. Moyo huu kanipa Mungu. Wewe nani kakuruhusu kuupangusa kama meza?”

Akatwaa kitenge na Biblia yake, akaelekea mlangoni.

“Mama, unakwenda wapi na mvua hii?”

Tupokigwe akageuka kwa hasira amtajie. Mdomo ulifunguka, jina la kwao halikuja. Akalingoja. Halikuja. Akavaa kandambili, akatoka mvuani.