Mshumaa Hauwashwi na Kinyongo

Fundi aliacha pini moja ndani ya kiuno cha suruali, kwa makusudi kabisa, kisha akaikunja vizuri na kumkabidhi dada yake.

"Nimeipanua tena," alisema. "Ila kitambaa cha ndani kimekwisha. Akinenepa zaidi ya hapa, mpe shuka ajifunge."

"Asante, mdogo wangu. Shemeji yako anakusalimu."

Shemeji! Neno hilo lilimchoma fundi kuliko pini zote za kwenye kopo lake. Huyo shemeji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtanashati, kwanza alikuwa mchumba wake yeye. Gauni la harusi alikuwa amelishona kwa mkono wake mwenyewe, vimebaki vifungo tu. Dada mtu akaja kumsaidia maandalizi, akaondoka na bwana. Gauni likakatwa, likawa pazia la chumba cha kupimia nguo.

Tangu hapo, kila alipoletewa suruali za Mtanashati, fundi alijua anachokozwa. Ona anavyokula kwangu! Ona anavyonawiri! Dada mwenyewe alizidi kukonda, mikono imekakamaa kwa kufulia watu nguo, lakini hilo nalo fundi alilitafsiri kwa wivu: mwanamke akipenda sana, hata chakula hakipiti.

Kitu kimoja tu kilimpa faraja. Wawili hao walikuwa bado hawajafunga ndoa. Kila Mtanashati alipoulizwa ni lini, alisema suti haijamkaa sawa.

Ndipo Majilio, majuma manne ya kujiandaa kwa Krismasi, yakakaribia, na mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala akapita dukani na habari.

"Mwaka huu tunajiandaa kwa vitendo," alisema Mama Mwenyekiti. "Jumamosi, kabla ya Jumapili ya kwanza, tunakutana kwangu. Aliyechukua cha mwenzake akirudishe. Anayedai asimame mbele ya wote, aseme anachodai, aape kwamba akirudishiwa atakipokea kwa mikono miwili na maneno yataisha. Halafu wawili hao wanawasha mshumaa pamoja. Mshumaa hauwashwi na kinyongo."

"Nani kaleta utaratibu huo?"

"Dada yako. Alikwenda kuungama, padri akamwambia mwaka usiishe hivihivi: ama wafunge ndoa, ama waachane. Sasa anasema anataka kuusafisha moyo."

Fundi aliposhika tena cherehani, alikuwa anacheka peke yake. Kumbe! Dada anataka kuvaa shela, na kwanza anataka baraka za aliyemdhulumu. Mtu kajichimbia shimo, na jembe kaleta mwenyewe!

Wiki nzima alishona kitambaa cha zambarau cha kufunika meza ya sala. Wenzake walifunga, walisali asubuhi na jioni. Yeye alikuwa na ombi moja: Bwana, nipe sauti. Wateja wakiondoka, alisimama mbele ya kioo kufanya mazoezi: hapa kidole kinyooshwe, hapa sauti itetemeke, hapa chozi lidondoke. Dada yake aulizwe mbele ya wanawake wote, akose jibu, aone haya hata kukanyaga kanisani, sembuse kufunga ndoa humo. Maana, hebu fikiri, mtu mzima anarudishwaje? Yeye ni sufuria?

Jumamosi mchana sebule ya Mama Mwenyekiti ilijaa hadi mlangoni. Mezani, juu ya zambarau, palikuwa na taji la majani mabichi na mishumaa yake minne. Mama mmoja alirudisha mwavuli, akakumbatiwa. Mwingine alirudisha kinu, kimepasuka, wakakumbatiana hivyohivyo.

Fundi akasimama.

"Mimi sina kinu," alianza. "Huyu dada yangu, tumenyonya ziwa moja, alinichukulia mchumba. Mbele ya Mungu na mbele yenu, namdai anirudishie."

"Makubwa haya!" mtu akaguna nyuma.

Dada alisimama taratibu, macho chini. "Ni kweli. Nilimchukua, na nilikosa. Naombeni msamaha."

Fundi alingoja machozi. Hayakuja, na hilo likamuudhi.

"Msamaha baadaye! Kwanza nirudishie!"

"Mdogo wangu, una hakika ndicho unachotaka? Usije ukasema nilikulazimisha."

"Ndicho hichohicho! Kama alivyo, na masharubu yake!"

Wanawake wakaangua kicheko. Fundi akanogewa. Aliona jinsi dada yake alivyouma mdomo, akajua kisu kimefika mfupani.

"Basi uape, mwanangu," alisema Mama Mwenyekiti.

Fundi aliinua mkono mpaka bangili zikateremka kiwikoni. Aliapa kwa sauti iliyofika jikoni kwa jirani: akirudishiwa, atapokea kwa mikono miwili, na maneno yataisha. Sauti ikatetemeka palepale alipopanga itetemeke. Kisha akanyoosha kidole.

"Haya, dada. Rudisha!"

Wote wakamgeukia mkosaji. Dada mtu akatengeneza kilemba chake, akapenya katikati ya magoti ya watu hadi mlangoni, akaufungua wote.

"Mtanashati, ingia," alisema. "Godoro na masanduku yaingize pia. Mwenyewe kaapa."

Nje, sauti nzito ya kivivu ikajibu: "Kwanza waulize, wameshapika?"