Kisima Kilichokataa Kusafika

Majibu ya maabara yalirudi, na kisima cha fundi cherehani kilikuwa kichafu tena.

Visima vingine vyote vya mtaa ule vilikuwa vimepona. Tangi la kituo cha mafuta lilipovuja chini kwa chini, petroli iliingia kwenye maji ya kila ua, na kampuni yenye kituo ikaleta mashine ya kuyafyonza na kuyachuja. Mwaka ukapita, na mwingine. Kidogo kidogo harufu ikaisha, watu wakarudia ndoo zao. Kilibaki kimoja tu, nyuma ya nyumba ya mzee aliyeishi peke yake na cherehani yake.

Mpimaji wa maji wa kampuni aliyasoma majibu bila kupepesa macho. Tangu amzike mama yake, hakuna kitu kilichomgusa. Watu walimpa pole, akaitikia. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika, chakula kikipita kinywani kama karatasi. Kazini walimsifu kwamba ana moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma; alikuwa amekufa ganzi, basi.

Kwa fundi cherehani ndiko pekee alikokaa kitako. Kila alipokwenda kuchota sampuli, mzee alisimamisha cherehani na kumtazama kwa juu ya miwani.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Baba."

"Muongo wewe. Huo ni uso wa mtu aliyekula?"

Wakala. Kisha mpimaji akateremsha chombo chake kisimani, akajaza chupa, akamwomba mzee amletee kitambaa cha kujifutia mikono. Mzee aliporudi, chupa zilikuwa zimeshazibwa, zimelala kwenye sanduku la barafu.

"Vipi, yamesafika?"

"Nadhani bado, Baba. Mwezi ujao nitarudi."

"Karibu," mzee alisema, wala hakuonekana kusikitika. Gari la kampuni liliendelea kumletea maji ya kunywa, naye hakukidai kisima chake.

Sasa majibu yalikuwa mezani, na bosi wake akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Ulipokuwa likizo nilikwenda mwenyewe kuchota kwa yule fundi. Unajua nilipata nini?"

"Hapana."

"Maji safi. Petroli hakuna hata chembe. Halafu ukarudi wewe, ukachota wewe, na petroli hii hapa." Aliigonga karatasi kwa kidole. "Nieleze."

Mpimaji alijua kwamba huu ndio wakati wa kuogopa. Kazi ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yake. Aliisubiri hofu. Haikuja.

"Twende huko huko," bosi alisema. "Leo tutayamaliza."

Walimkuta mzee akipinda suruali. Bosi hakungoja hata kiti.

"Mzee, kuna mtu anayachezea maji yako. Na nadhani namjua." Akamgeukia mpimaji.

Mzee alikata uzi kwa meno, akainuka taratibu.

"Kama unanijua, mbona unamtazama yeye?"

"Sikukusema wewe, mzee."

"Basi ungenisema. Ni mimi. Namwaga petroli kidogo kila siku yake ya kuja inapokaribia."

Bosi alibaki mdomo wazi. "Petroli unaitoa wapi?"

"Ya jenereta."

"Jenereta iko wapi?"

"Niliiuza. Petroli ikabaki."

"Na mimi nilipokuja?"

"Wewe ulinivamia kama mvua ya kiangazi. Ningejiandaa saa ngapi?"

"Lakini kwa nini, mzee? Kisima chako mwenyewe!"

"Kikisafika, nani atakanyaga tena hapa?" Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Wewe una watu wa kukuita baba. Mimi sina."

Hasira ya bosi ikamwishia palepale, kama mtu aliyebisha mlango uliokuwa wazi. Alichota maji mwenyewe, akaziba chupa mwenyewe, akaziweka kwenye barafu.

"Ungekuwa kijana ningekupeleka polisi," alisema, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Haya yakiwa safi, tunang'oa mashine na safari za huku zinakwisha." Kisha akamgeukia mpimaji bila kumtazama usoni. "Nisamehe. Nilikudhania vibaya. Muage, nakungoja garini."

Mpimaji alibaki kando ya kisima. Mzee alimsogelea, akamshika mkono kama anayeagana naye, akamtia kitu kiganjani na kumfumba vidole kimoja kimoja.

Kilikuwa kichupa kidogo cha dawa ya kikohozi, kitupu, kinanuka petroli.

"Kilikudondoka safari iliyopita," mzee alinong'ona. "Jumapili uje, mwanangu. Mikono mitupu."