Kubadilisha Jina Tu

"Mstari wa tatu ni uongo," alisema Mkaguzi, akiukosoa kwa kalamu nyekundu wasifu utakaosomwa kwenye mazishi yake mwenyewe.

Mchapaji alikuwa upande wa pili wa kaunta. Watu walimwita Nakala, na jina hilo halikumwonea. Katika duka lake kulikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kutolea nakala na wasifu mmoja wa marehemu. Wasifu huo ulikuwa umezika nusu ya mtaa. Akifa fundi, akifa mwalimu, akifa mlevi, Nakala alibadilisha jina na tarehe, akachapa. Wote walikuwa wakarimu, wacheshi, na waliwasamehe waliowakosea. Hakuna marehemu aliyewahi kurudi kulalamika.

Sasa huyu alikuja kuusoma wake mapema. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu aliyewatetemesha walimu kwa miaka thelathini na mitano. Juzi alikwenda zahanati kupima tumbo, akaambiwa ana uvimbe kwenye ini, na kwamba miezi sita ikiwa mingi. Hakulia. Alikuja moja kwa moja dukani kuhakikisha kwamba hazikwi na makosa.

Nakala alimpa pole ya kweli. Hata yeye alikuwa kwenye foleni ile ile siku ile ile, kwa tumbo lililokuwa likimkata kila akila. Bahati yake, aliambiwa ni gesi tu. Alipewa vidonge vya kutafuna na kuambiwa atakula chumvi mpaka awachoshe wajukuu.

"'Aliwasamehe wote waliomkosea,'" Mkaguzi alisoma. "Nani kakwambia? Mimi na mdogo wangu hatujasemeshana miaka kumi na tisa."

Kukiri kwamba sentensi ile iliandikwa kwanza kwa ajili ya marehemu mmoja, muuza mkaa, Nakala hakuthubutu. Alisema lililomjia mdomoni.

"Hiyo si habari ya nyuma, mzee. Ni ya mbele. Muda bado unao."

Mkaguzi alimkazia macho kama anayetafuta kosa la hesabu. Hakuliona. Alikunja karatasi yake, akaaga.

Wiki iliyofuata alirudi, na kando ya mstari wa tatu palikuwa na alama ya vema. Alisimulia kwamba mdogo wake alipomwona mlangoni alidhani amekuja kumkagua, akaanza kufagia. Baadaye walilia wote wawili, watu wazima wenye mvi, mpaka wake zao wakaona aibu. Nakala alifurahi. Alimkumbuka dada yake mwenyewe, ambaye hawasalimiani tangu msiba wa mama yao, akajiambia kwamba yeye hana haraka.

Mkaguzi hakuishia hapo. Wasifu ulisema mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, basi aling'oa kufuli la geti, na wa kwanza kuingia alikuwa mbuzi wa jirani. Wasifu ulisema alikuwa mcheshi. Alikwenda kinyozi kujaribu vichekesho vinne. Vitatu vilizama, na cha nne mtu mmoja alikicheka kwa huruma. Alijipa nusu ya alama. Alimtafuta hata mwalimu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumshusha cheo kwa sababu ya daftari chafu, akamwomba radhi mbele ya mkewe.

Dhamiri ilimsuta Nakala. Mtu mzima alikuwa anaishi maisha ya muuza mkaa bila kujua. Siku moja alijaribu kumwambia kwamba si lazima, binadamu ana hiari yake, na mstari wowote unafutika kwa kidole kimoja.

"Hiari ninayo," alijibu Mkaguzi. "Nimekuwa nayo miaka sabini, na wewe unaona nilichoifanyia. Acha nijaribu kufuata maandishi."

Nakala alicheka, halafu akajikunja akishika ubavu. Alitafuna kidonge. Mkaguzi alimwambia ale kwa wakati, mbona amekonda hivyo mpaka shati limekuwa pazia? Nakala alisema ni kazi nyingi.

Mwezi wa nne tangu apewe majibu ulipita. Mkaguzi alinenepa, akajifunza kichekesho cha tano. Kwenye karatasi ulibaki mstari wa mwisho tu: "Alifariki akiwa tayari."

Mwezi wa tano ulipoingia, Nakala alipiga moyo konde. Mzee asije akafa akiwa amedanganywa. Alipomwona anaingia, tena mchana wa jua kali, alimwaga yote kabla ya salamu: wasifu haukuwa wake, haukuwa wa mtu yeyote, marehemu wote wa mtaa ule walisomewa huo huo.

"Nilibadilisha jina tu, mzee wangu. Nisamehe."

Alisubiri kukaripiwa. Mkaguzi alivuta kiti, akaketi.

"Jina lako halisi ni nani? La kwenye kitambulisho."

Nakala alilitaja. Ukiacha siku ile ya zahanati, hakuwa amelisikia kwa sauti tangu amalize shule. Mkaguzi alifumba macho kidogo.

"Natoka zahanati," alisema. "Wamenipima upya mara mbili. Ini langu ni zima. Kumbe siku ile karani wao alikuwa na majibu ya watu wawili mkononi, akachanganya majina."

Nakala aliruka kumpongeza, akamshika mkono juu ya kaunta akiutikisa kwa furaha. Mkaguzi aliutoa taratibu. Alifungua kalamu nyekundu, akalikata jina lake pale juu ya wasifu, akaandika jingine, herufi moja moja, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Kisha akaisukuma karatasi upande wa pili.

"Mstari wa tatu ndio unaokula muda," alisema kwa upole. "Anza na huo."